Kutoka Nakuru hadi Thimlich Ohinga: Kuwatafutia Makao Wafugaji wa Farasi

Jumatatu, Nakuru

Waselani ni kabila la kubuni. Nimewabuni kwa ajili ya riwaya ninayoiandika, nao ni wafugaji wa farasi wanaohamahama katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Kwa kuwa sehemu hii ya Kenya haijapata kuwa na watu wa namna hiyo, nimeona ni lazima niipite ardhi ninayotaka kuwapa, nione kama ingewakubali. Ninasafiri na mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye alifanya kazi ya utabibu wa mifugo mpaka akastaafu, na ambaye alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba asisomewe habari za farasi anayekimbia siku tatu bila kula wala kunywa.

Tulianzia Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji. Mwanaakiolojia Louis Leakey aliitambua sehemu hii mwaka 1926, Mary Leakey akaanza kuichimba mwaka 1937, na mwaka 1943 ikatangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Makaburi ya kale zaidi ni ya wafugaji wa Enzi ya Mawe, na jambo moja limenikaa akilini tangu tulipoelezwa: wanawake walizikwa na vyombo vyao vya mawe, vinu na sahani, ilhali wanaume walizikwa bila kitu. Mwandishi wa hadithi za kubuni angeelekea kufanya kinyume chake, yaani kumzika mpiganaji na mkuki wake na farasi wake na kumwacha mke aende mikono mitupu.

Kilichonileta hasa ni mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa nyanda hizi. Mtu mwenye haraka anaweza kuyapita akidhani ni ardhi iliyotitia tu, kwa sababu yamebaki mabonde ya mviringo yaliyoota nyasi kwenye mteremko, kila moja likiwa na kichuguu cha udongo upande wa chini. Wataalamu wa mambo ya kale wameeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi kati ya takriban mwaka 1200 na karne ya 18. Mlango ulitazama chini ya mteremko, samadi na matope vikakokotwa kila mara kupitia hapo na kurundikwa nje, na ndiyo asili ya vile vichuguu. Nyumba ya mwenye mifugo ilishikamana na zizi, na aliyetaka kuingia ndani ilimbidi apitie katikati ya ng'ombe. Mwizi aliyekuja usiku alikuta shimo, ukuta, mlango mmoja, na mwenyewe amelala ubavuni mwa mali yake.

Nilisimama katikati ya shimo moja nikamwambia Mjomba kwamba Waselani wangeweza kujifunza hapa namna ya kulaza farasi wao. Aliinama, akachota udongo kwa vidole, akausugua.

"Mvua ikinyesha, maji yanaenda wapi?" akaniuliza.

"Yanatoka mlangoni."

"Baadhi. Mengine yanabaki na mkojo na mavi. Ng'ombe atasimama humo usiku kucha na asubuhi atoke salama. Farasi ukimfanyia hivyo mwezi mmoja, kwato zitaanza kuoza na kunuka, na farasi asiye na kwato, mwanangu, ni kitoweo."

Basi mazizi ya kuchimbwa yametoka katika daftari langu. Waselani watalaza mifugo wao juu ya miinuko penye upepo na ardhi inayokauka upesi, na ulinzi wao hautakuwa ukuta bali macho ya watu na tabia ya farasi wenyewe. Mjomba ananieleza kwamba farasi walioachwa wajipange huishi katika familia ndogo, dume moja na majike kadhaa na watoto wao, na kwamba mara nyingi jike mkongwe ndiye anayewatangulia wenzake kwenda majini na malishoni. Ukimjua jike huyo na ukamfunga yeye, wengine hawaendi mbali. Hapo nimepata cheo cha mwanamke mzee katika kambi ya Waselani bila kukitafuta, yule anayelala akiwa ameshika kamba ya jike kiongozi.

Kabla ya kuondoka tuliyaona mabao yaliyochongwa juu ya jiwe, safu za vishimo vilivyolainishwa na mikono ya watu waliokuwa na muda wa kutosha. Wachungaji wote wanao muda wa namna hiyo. Mjomba alitaka tucheze kwa vijiwe, lakini mlinzi alitutazama kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo.

Jumanne, Menengai

Tulipanda asubuhi hadi ukingo wa kreta, ambao sehemu yake ya juu kabisa inafika mita 2,278. Chini yetu lilitandaa bakuli la mawe meusi na vichaka lenye upana wa kilomita 12 upande mmoja na karibu 8 upande mwingine, na mvuke ukipanda hapa na pale. Simulizi za wenyeji zinasema kwamba katika vita vya Wamaasai wao kwa wao, katika karne ya 19, wapiganaji wa Ilaikipiak walishindwa na Ilpurko na wengi wao wakatupwa kutoka kwenye ukingo huu, na kwamba mvuke ule ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka.

Vita hivyo vinanipa mlango wa kuwaingizia Waselani historia. Farasi hawakuwa wageni kabisa katika Kenya ya zamani, maana Waborana wa kaskazini walipigana wakiwa juu ya farasi katika karne hiyohiyo, na kwa ndugu zao wa Ethiopia mtu mkubwa alijulikana kwa jina la farasi wake. Hata wafalme walifuata desturi hiyo: Tewodros aliitwa Abba Tatek, na Menelik aliitwa Abba Dagnew. Nimeamua kwamba familia chache za wapanda farasi zilitoroka njaa au ugomvi huko kaskazini, zikapita nyanda za chini karibu na Ziwa Baringo katika miezi ya kiangazi, kisha zikapanda upande huu wakati Ilaikipiak wamekwisha kuvunjwa nguvu na malisho mengi hayana mwenyewe. Desturi ya jina wamekuja nayo. Mwanamume wa Kiselani huitwa kwa jina la mama yake mpaka apate farasi wake wa kwanza, na tangu hapo huitwa kwa jina la farasi, hata farasi akifa kabla yake.

Mjomba hakuwa na pingamizi juu ya majina. Aliuliza tu kwa nini nimesema kiangazi, naye alijua jibu vizuri kuliko mimi. Nimeliandika chini ya Jumatano, kwa sababu ndiko tulikozungumza kwa kirefu.

Jumatano, Njoro

Njoro ina historia ya farasi iliyoandikwa, ingawa si ya wachungaji. Mapema katika karne ya 20 Charles Clutterbuck alifuga farasi wa mashindano hapa, na binti yake, Beryl Markham, akakua miongoni mwao, akawa mfunzaji wa farasi wa mashindano angali msichana, miaka mingi kabla ya mwaka 1936 alipovuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Wazungu walipenda kuiweka michezo yao ya farasi huku juu, na haikuwa kwa sababu ya mandhari peke yake.

Ugonjwa unaowamaliza farasi wa Afrika husababishwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wa kuuma wanaotoka wakati wa magharibi na usiku, hasa baada ya mvua nyingi. Pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili, punda huustahimili, lakini farasi asiye na kinga huvimba juu ya macho, mapafu yake hujaa maji, akatoa povu puani na kufa, wakati mwingine katika muda wa siku moja tangu homa ianze. Katika koloni la Cape, mwaka 1854 na 1855, ugonjwa huo uliua farasi wapatao 70,000. Usubi hupungua kadiri mtu anavyopanda penye baridi. Kwa hiyo kabila la farasi haliwezi kuchagua makao yake kwa kupenda. Litaishi juu, na likitaka kuteremka litateremka kiangazi na kurudi kabla mawingu hayajakusanyika. Wabasotho ni ushahidi mzuri wa jambo hili, kwa maana walipata farasi katika miaka ya 1830, zama za mfalme wao Moshoeshoe, na katika muda wa kizazi kimoja au viwili wakawa taifa la wapanda farasi, nao waliishi katika milima mirefu ya kusini.

Tulipata ruhusa ya kuingia shamba moja lenye farasi wachache wa kupanda, nikaomba Mjomba aniruhusu nimtazame akifanya kazi. Jike la rangi ya kahawia lililetwa kwa kamba. Hakuenda kichwani moja kwa moja kama nilivyotazamia. Alisimama begani kwa mnyama, akaacha mkono wake utambae taratibu kutoka shingoni hadi kwenye goti, akasema neno kwa sauti ya chini, na mguu ukanyanyuka wenyewe. Kwa ncha ya kijiti alitoa matope yaliyokauka kandokando ya ule mnofu wa pembetatu ulio chini ya kwato, akanusa, akaridhika. Kisha akaweka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu za mwisho, akanifanyia ishara nije. Nilisikia ngurumo ndefu, kimya kifupi, kisha mlio kama wa maji yanayomiminwa mtungini.

"Hiyo ndiyo afya," akasema. "Ukisikiliza na usisikie kitu, usingoje kesho. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kikakwama humo kinamsokota mpaka afe."

Mganga wa Waselani sasa ana kazi ya kweli. Kila jioni atapita kambini akiweka sikio kwenye matumbo, na watoto watajifunza kusikiliza kabla hawajajifunza kupanda.

Jambo lililonipa furaha kubwa kuliko yote katika safari hii Mjomba alilisema tukiwa tumeketi tunakunywa chai karibu na lango la shamba, na alilisema kama habari ya kawaida tu. Kuna maradhi ya ng'ombe na kondoo ambayo wakulima wazungu waliyaita kwa jina la Nakuru. Mnyama anasimama kwenye nyasi za kufika magotini na bado anakonda, manyoya yanapoteza mng'ao, hali chakula, mwisho anaanguka. Chanzo chake ni udongo wa volkano wenye kobalti kidogo mno. Vijidudu vya tumboni mwa mnyama anayecheua vinahitaji kobalti ili kutengeneza vitamini B12, na vikiikosa, mnyama anakufa njaa huku tumbo limejaa. Mlowezi Lord Delamere alipopewa ardhi kubwa Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 alileta kondoo wakafa kwa wingi, na ng'ombe nao wakamshinda. Wachungaji wa Kimaasai walikuwa wakiwahamisha mifugo wao kufuata magadi na nyasi zilizowafaa, na hawakuhitaji kujua jina la madini.

"Na farasi?" nikauliza.

"Farasi hacheui. Atakula mahali ng'ombe alipokondea na atanenepa."

Niliandika mpaka chai ikapoa. Waselani wanapata nchi yao bila kumnyang'anya mtu: malisho mapana, yenye baridi ya kufukuza usubi, ambayo wafugaji wa ng'ombe hupita juu yake bila kukaa. Jirani zao watawaona kuwa ni watu wenye uchawi, kwa sababu wanastawi pale ambapo ng'ombe wa kila mtu hudhoofika.

Jioni tulitazama kwa mbali upande wa Mto Njoro, ambako lipo pango lililochimbwa mwaka 1938, lenye mabaki ya makumi ya watu waliochomwa miili yao takriban miaka 3,000 iliyopita, na pamoja nao bakuli za mawe, michi, vibuyu na shanga. Waselani pia nitawachomea wafu wao, kwa kuwa mtu anayehama hapendi kuacha kaburi nyuma.

Alhamisi, Molo

Baridi ya Molo haina mzaha. Tulipofika kulikuwa na ukungu juu ya mashamba ya viazi, na kondoo ambao wameupa mji huu sifa walikuwa wamejikunyata kando ya ua. Mjomba alizungumza na wenyeji wake wa zamani kwa saa nyingi, nami sikuwa na la kufanya ila kutazama nyasi na kuhesabu vazi la Waselani: ngozi yenye manyoya ndani, na mafuta ya kondoo usoni.

Upande wa pili kuna Msitu wa Mau, na ndani yake Waogiek, warina asali na wawindaji ambao mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu ya kuwatetea dhidi ya kufukuzwa msituni. Hao ndio majirani wa kwanza wa Waselani. Asali itapanda, nyama iliyokaushwa na kamba za ngozi zitashuka. Vita baina yao sioni sababu yake, kwa kuwa farasi ndani ya msitu mnene ni mzigo, na Mwogiek hana haja ya uwanda wenye upepo.

Ijumaa, Kericho

Gari lilipita Mau Summit, likaacha njia ya Eldoret, likashuka Londiani na kuingia katika majani ya chai. Mvua ilinyesha mchana kama inavyonyesha hapa siku nyingi, na Mjomba alitazama nje akasema kwamba kwa farasi wangu nchi imekwisha. Ni laini mno na ina maji mno. Sikubishana naye.

Tulikaribishwa katika boma la rafiki yake, mama wa Kikipsigis mwenye umri mkubwa, ambaye alitutolea mursik, maziwa ya kuchachushwa kibuyuni. Alituonyesha kibuyu chenyewe kabla ya kumimina. Ndani kilikuwa kimesuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ufito wenye ncha iliyoungua ukizungushwa mpaka kuta zote zikawa nyeusi, na maziwa yaliyokaa humo siku nyingi yalitoka mazito, yenye rangi ya kijivu hafifu na uchachu unaopanda puani. Nilikunywa polepole, nikamwuliza kama maziwa ya mnyama mwingine yanaweza kutiwa humo. Alicheka sana nilipotaja farasi.

"Wewe kijana, umkamue farasi? Matiti yake umeyaona?"

Swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyodhani. Farasi jike ana chuchu mbili na kiwele kidogo kisichoweka akiba. Wamongolia, ambao bado wanaishi kwa maziwa hayo wakati wa kiangazi chao, hukamua kila baada ya saa mbili au hivi mchana kutwa, na mtoto wa farasi lazima aletwe ubavuni mwa mama yake, aonje kwanza, ndipo maziwa yashuke. Yana mafuta machache na sukari nyingi, na mtu asiyeyazoea akiyanywa mabichi huharisha. Huwa yanatiwa katika mfuko mkubwa wa ngozi na kupigwa kwa mchi mara maelfu mpaka yachachuke na kupata ulevi mdogo, na kinywaji hicho huitwa airag.

Mjomba akakamilisha shtaka. "Sasa niambie, hao wanawake wako watalala saa ngapi? Kukamua mara sita, kupiga mfuko, kuni, watoto, na kambi inahama."

Nililifikiria swali hilo usiku wote. Jibu lililobaki ni kwamba kazi ya kukamua haiwezi kuwa ya wanawake peke yao. Wavulana ndio watakaoshika watoto wa farasi, wanaume watapiga mfuko, na kila mgeni anayeingia hemani atapaswa kupiga mchi mara mia kabla ya kupewa cha kunywa. Desturi hiyo ninaipenda kuliko zote nilizowapa. Maziwa yatakuwepo miezi michache tu baada ya kuzaa, na kwa kuwa jike hubeba mimba karibu miezi 11 na kuzaa mtoto mmoja, kundi litaongezeka polepole sana. Watu hawa hawawezi kuwa wengi. Watahitaji kondoo kwa nyama, na nafaka kutoka kwa wakulima.

Jumamosi, Kisumu

Kutoka Kericho barabara inateremka mpaka masikio yanaziba. Joto la uwanda wa Kano lilitupokea Ahero, penye mashamba ya mpunga na udongo mweusi unaonata, na tulipofika Kisumu, mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, tulikuwa tumeshuka zaidi ya kilomita moja kutoka baridi ya Molo. Kwa Waselani huu ndio mwisho wa dunia. Wataufikia Januari, watabadilishana mali siku chache, watageuka.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Wanandi walioishi kwenye miinuko tuliyoiona upande wa kulia waliwapinga Waingereza kwa takriban miaka kumi, wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa na afisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo mifugo ikatekwa na watu wakafungiwa katika eneo dogo. Mwaka 1904 Wamaasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba, na mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia. Njoro na Molo zikawa mashamba ya wageni. Sina haja ya kubuni mwisho wa Waselani. Nchi niliyowapa ilichukuliwa na najua mwaka wake kwa kukadiria.

Nilichokuwa sikukifikiria ni miaka iliyotangulia. Tulikuwa tunakula samaki karibu na ziwa Mjomba alipoanza kueleza habari za sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ukafuatiwa na ndui na njaa, Wamaasai wakauita wakati huo emutai. Sotoka, ambayo ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilishika wanyama wenye kwato zilizogawanyika, ng'ombe, nyati, twiga na wenzao. Alinyamaza akaniachia nimalize mwenyewe. Kwato ya farasi haikugawanyika.

Kwa hiyo katika mwaka ambao majirani wote wamepoteza kila kitu, Waselani wako juu kule na makundi yao yote mazima, wananuka maziwa. Watu wenye njaa watapanda mlima kuwaendea. Nusu ya pili ya riwaya imo katika jambo hilo, yaani walipofika waliambiwa nini.

Jumapili, Lambwe na Thimlich Ohinga

Tulizunguka ghuba hadi Homa Bay, kisha tukapita ukingoni mwa Bonde la Lambwe, ambako mbung'o wamekaa muda mrefu kuliko wakulima, na ambako sasa ipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Mbung'o hueneza nagana kwa mifugo na malale kwa watu, na farasi hana ujanja mbele yake. Nyuma ya bonde hilo ni Gwassi, ambako serikali ya kikoloni iliwapeleka Watalai wa Kikipsigis mwaka 1934, mamia ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, kwa kuwa ukoo wao ulitoa viongozi wa kiroho walioogopwa. Kumchukua mfugaji kutoka vilima vya Kericho na kumtia katika nchi ya mbung'o ni kumwua bila risasi. Walikaa huko hadi kabla ya uhuru kidogo. Niliwahi kutaka mpaka wa magharibi wa Waselani uwe mto au ukuta; utakuwa inzi.

Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe, iko ndani ya Kaunti ya Migori, na tangu mwaka 2018 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuta zake, ambazo ujenzi wake unakadiriwa kuanza karne ya 16, zimepangwa kwa mawe bila udongo wala saruji, makubwa nje na ndani na madogo yakijaza katikati, na zinafika kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Nilichoshughulika nacho zaidi ni malango. Ni mafupi na membamba, yenye mawe marefu yaliyolazwa juu, na mtu mzima huingia akiwa ameinama, kichwa kikitangulia, mbele ya mlinzi ambaye angeweza kufanya nacho apendavyo. Mjomba, ambaye ni mrefu, aliingia, akatoka, akaingia tena.

"Farasi hapiti," akatangaza.

Hapiti, na kwa hiyo biashara itafanyika nje. Waselani watasimama chini ya miti na farasi wao, wenye boma watatoka na mtama, majembe na vyuma vya kutengenezea lijamu, maana chuma kizuri kilitoka kwa wahunzi wa Samia, na bei itajadiliwa mpaka jua lipinduke. Mjomba aliuliza jike mmoja atauzwa kwa ng'ombe wangapi. Nikamwambia kwamba majike hawauzwi kwa bei yoyote, wala madume kamili. Wanauza waliohasiwa tu. Mnunuzi wa uwandani atampanda farasi wake kwa fahari msimu mmoja au miwili, mvua zitakuja na usubi, farasi atakufa, na mnunuzi atarudi kununua mwingine. Ndiyo sababu hakuna jirani aliyepata kuwa mfugaji wa farasi, na ndiyo sababu farasi hawakubaki baada yao.

Mjomba alikaa juu ya jiwe akatafakari. Kisha akasema kwamba watu wenye sheria kama hiyo watachukiwa, na kwamba mwaka wa sotoka mwanamke mzee mwenye kamba angeivunja na kuwapa wenye njaa majike kadhaa, kwa sababu aliyekaa na wanyama maisha yake yote hawezi kuwatazama watu wakifa mlangoni. Mimi nasema asingeivunja. Angewapa maziwa, angewapa nyama, angewapa hata dume la kuchinja, lakini jike asingetoa, kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachowafanya wawe Waselani. Naye akajibu kwamba mimi sijawahi kufiwa na ng'ombe. Tulibishana juu ya hilo katika matatu mpaka Migori, na abiria wawili waliokuwa mbele yetu wakageuka na kujiunga, mmoja upande wake, mwingine upande wangu, bila kuuliza hao Waselani ni watu wa wapi.